Nzuri Sana, Afande

Olaya, Riyadh
Ijumaa, 12 Februari 2016

Mama Hannah mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima wa afya, kazi inaendelea, na hofu yangu yote iko kwako huko Jeddah. Najua utacheka ukiona karatasi, wakati dunia nzima inaandikiana kwa simu. Lakini simu yako inalala kwenye kabati la madam, na zile dakika anazokupa Ijumaa ni haki ya Hannah na kukhu wake, nyanya anayemlea kule Chwele. Mimi nikiweka simu sikioni nasikia filimbi tu. Tangu nije huku mwaka jana tuko nchi moja na hatujasikilizana hata mara moja.

Sasa nimempata Pius, Mkenya mwenzetu anayeendesha lori la maziwa kutoka Riyadh hadi Jeddah. Amekubali kuniachia barua mtaa wa Sharafiya kwa Hashim, yule Mzanzibari wa duka la simu, maana najua dereva wa madam hukupeleka hapo mwisho wa mwezi kutuma pesa nyumbani. Ukiandika, mwachie Hashim. Pius ataibeba akirudi.

Jambo lenyewe ni hili. Unamkumbuka Allan tuliyekuwa naye seksheni moja? Amestaafu, yuko Bungoma, anawasaidia wanajeshi wa zamani kufuata haki zao. Anasema pensheni yangu ya ulemavu ni ya masikio peke yake, lakini sheria inaruhusu mtu adai pia ugonjwa uliozaliwa na jeraha la kwanza. Allan anauita mtoto wa jeraha. Kama kizunguzungu changu na kukosa usingizi vilizaliwa na lile bomu la Somalia lililovunja masikio, basi serikali iliyomkubali mama iwakubali na watoto.

Daktari mmoja Msudani hapa Riyadh amenipima na ameshaandika kuhusu kizunguzungu. Anasema sikio la ndani ndilo linalomshikilia mtu asianguke, na langu limeharibika. Kilichobaki ni ushahidi wa mtu aliyeishi nami kabla ya Somalia na baada ya Somalia, aeleze nilikuwaje na nikawaje. Mtu huyo ni wewe, hakuna mwingine. Karatasi ziwe zimefika kwa Allan kabla ya Julai, na bodi ya madaktari itaniita Nairobi.

Wakikubali, Rosebellah, pensheni itatosha karo na unga. Sitasimama tena mlangoni mwa jumba la watu nikifungua kioo, nawe hutafua tena nguo za watu. Tutarudi nyumbani sote wawili. Andika basi, mama.

Wako,
Protus

*

Jeddah
4 Machi 2016

Baba Hannah,

Salamu zako nimezipata zikinuka maziwa. Huku wote hatujambo, madam na watoto wake na mimi na paka. Kazi ni ile ile, yalla yalla, haraka haraka, toka alfajiri. Hashim alinipa barua akasema, "Dada, mumeo ana hati nzuri kama ya karani wa zamani." Nikamwambia ndiyo, alikuwa mtu wa redio jeshini, alifundishwa kuandika ujumbe usomeke hata gizani.

Nimekaa na ombi lako nikaanza na ya kabla, maana hayo ni matamu. Nikiwa napiga pasi huwa narudi kambini Lanet, kwenye kota zetu. Naziona zile kamba za nguo, sare zote zimeanikwa zikipepea, na sisi wanawake tukizitambua moja moja bila kusoma jina. Nasikia bendi ikijizoeza Jumamosi asubuhi, na wewe bafuni unapiga mluzi wimbo ule ule wa bendi ukiwa umeshawatangulia. Ulikuwa na masikio, baba! Hannah akikohoa kwa jirani ulikuwa unasema, "Huyo ni wetu, mvalishe sweta." Ungeambiwa pikipiki tatu zinakuja ungesema ni ya nani iliyo mbele.

Na usingizi! Niwaandikie madaktari habari ya maharagwe? Mwizi aliingia mchana, akabeba jiko la makaa pamoja na sufuria ya maharagwe ikichemka juu yake, akapita karibu na miguu yako, na wewe unakoroma. Nilirudi kutoka bombani nikakuta moshi umebaki peke yake. Tangu siku hiyo kota nzima wakakuita Koplo Gunia. Susan wa nyumba ya pili alikuwa akija kuazima chumvi anauliza, "Gunia limeamka?"

Nilicheka peke yangu hapa hadi madam akauliza nina nini. Nikasema mafi, hakuna kitu.

Hayo nimeyaandika kwenye karatasi safi kwa ajili ya bodi. Ya baadaye nitaandika polepole. Kazi ni nyingi, wageni wanakuja kila jioni. Usiwe na haraka.

Ni mimi,
Mama Hannah

*

Olaya, Riyadh
25 Machi 2016

Mama Hannah mpenzi,

Salamu sana. Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Umenirudisha Lanet nikiwa nimesimama Olaya, katikati ya watu wanaoingia na kutoka na mifuko ya manukato. Hapa ofisi ziko juu na maduka yako chini, na mimi niko katikati na kofia yangu. Siku nzima nasema "ahlan", karibu, kwa watu wasionijibu.

Umesahau jambo moja. Siku ile ya maharagwe hukukasirika. Ulikaa chini kwenye ngazi, ukacheka, ukasema mwizi huyo ana njaa kweli, maana maharagwe yenyewe hayakuwa na chumvi. Kisha ukaenda kwa Susan na bakuli, tukala kabichi yake. Nakwambia kwa kweli, nikiulizwa nilikuwa na furaha lini, ni jioni ile. Sikuwa na jiko, sikuwa na sufuria, nilikuwa nawe.

Nakumbuka pia ile dansi ya Jamhuri mesini. Ulikataa kucheza kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima na vilibana. Ukavivua ukacheza pekupeku mbele ya wake za maofisa. Nani angekutambua sasa ukiwa ndani ya hilo vazi la abaya?

Basi hayo yote ni ya kabla. Nangoja ya baadaye. Huna haja ya kuandika mengi. Andika kwamba kichwa kinanizunguka na kwamba silali. Inatosha. Allan ananiuliza kila wiki.

Wako daima,
Protus

*

Jeddah
29 Aprili 2016

Baba Hannah,

Leo sina salamu ndefu. Ulianguka.

Usiulize nani kasema. Pius alimwambia Hashim na Hashim akashindwa kuficha. Ulianguka kwenye maegesho chini ya lile jumba lenu, gari likakukosa kwa kiganja, na msimamizi akakuhamishia zamu ya kukaa kibandani kwa sababu huwezi tena kusimama mlangoni. Hayo yalitokea kabla hujaniandikia kuhusu ahlan na mifuko ya manukato. Wewe hukuwa mlangoni hata kidogo! Ulikuwa kibandani umefungwa bandeji, na ukaniandikia mimi ni mzima kabisa namshukuru Mungu.

Hashim alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi kilio humfichua, dada. Mwambie huyo." Nimekwambia.

Niliporudi nyumbani kwa madam nililivunja bakuli la kunawia la wageni. Madam alipiga kelele, nami nikasimama tu nikifikiria gari na kichwa chako. Wewe unanitaka nitoe ushahidi kwa watu wa Nairobi kwamba unaumwa, na mimi mwenyewe unaniambia huumwi. Niwaandikie nini sasa?

Tena niambie kweli. Mwaka ule wa 2013, ulipokwenda mbele ya bodi mara ya kwanza, kwa nini walikubali masikio tu? Kizunguzungu kilikuwepo. Usingizi ulikuwa umeshakwisha. Mimi nilikuwepo nikiuona ukiisha. Uliwaambia nini?

Rosebellah

*

Riyadh
13 Mei 2016

Mama Hannah,

Nimekosa, na nimekubali. Nilianguka. Kichwa kilizunguka nikiwa nainama kuokota tiketi ya mtu, nikajikuta naangalia magurudumu. Sikutaka ubebe hilo pamoja na ndoo zako. Halas, basi, sitakuficha tena la afya.

Umeuliza kuhusu bodi. Nami nilimwuliza Allan. Alipata ruhusa ya kusoma faili langu. Imeandikwa kwamba nilipoulizwa hali yangu kwa jumla nilisema ni nzuri sana, usingizi mzuri, nyumbani salama, tatizo ni masikio tu. Nilibisha. Nilimwambia Allan hao wamenisingizia, sikusema hivyo maishani. Kisha nikakaa kibandani nikaikumbuka siku yenyewe, na nikaona haya.

Niliingia nikapiga saluti. Alikuwepo meja daktari na wengine wawili. Meja akasema, "Habari yako, koplo?" Nikasema, "Nzuri sana, afande." Akasema, "Unalalaje?" Nikasema, "Salama, afande." "Nyumbani?" "Wazima wote, afande." Mimi nilikuwa nangoja tumalize kusalimiana ndipo anishike mkono aniulize ugonjwa. Yeye alikuwa ameshamaliza kuniuliza. Alikuwa anaandika. Kisha akasema tuangalie masikio, tukaangalia masikio, nikapiga saluti nikatoka.

Niambie, Rosebellah, ni nani kwetu anayeulizwa habari akajibu mbaya? Hata kwenye matanga mtu anakwambia nzuri, ila tumefiwa na mzee. Ile "ila" yangu nilikuwa nimeiweka tayari mdomoni, na hakuna aliyeningoja nifike. Na mbele ya afande huwezi kumwongezea neno ambalo hakukuuliza.

Sasa faili linasema nilikuwa mzima. Na lipo la pili, maana Allan anasema bodi wakitaka wanaweza kuuliza watu wa parokia. Unakumbuka nilivyoanguka kanisani wakati wa sadaka, katekista akasema nimelewa. Sikumkanusha. Niliona afadhali nionekane mlevi kuliko mgonjwa. Kwa hiyo upande mmoja niko mzima, upande wa pili niko mlevi, na wa kunitoa hapo ni wewe peke yako.

Na wewe huandiki. Umeandika maharagwe, umeandika mluzi, ya baadaye unaniambia polepole. Ni mwezi wa tatu sasa. Wageni gani wanaokuja kila jioni miezi mitatu? Nitakuuliza na usikasirike. Je, Jeddah imekuwa tamu? Au hutaki turudi nyumbani? Mimi nilikuja Riyadh kwa ajili yako, si kwa ajili ya kibanda. Nilijua Jeddah ni mbali, lakini nilisema angalau tutakuwa chini ya mvua moja, hata kama mvua yenyewe hainyeshi. Kama kuna mtu au kuna jambo, liseme nilijue.

Protus

*

Jeddah
3 Juni 2016

Baba Hannah,

Hakuna mtu. Ningekuwa na nguvu za mtu mwingine saa ngapi? Kuna jambo.

Ushahidi umo ndani ya bahasha hii, nimeukunja peke yake. Nimeuandika mara nyingi na kuuchana. Nimeuandika chooni, nimeuandika kwenye paa nikianika mashuka. Ramadhani inaingia wiki hii na jikoni hakutalalika, kwa hiyo ni sasa au basi. Nilitaka kuwaandikia bodi yale uliyoniomba tu, kwamba kichwa kinazunguka na hulali. Lakini umeniambia la afande na ile "ila" uliyobaki nayo mdomoni, nikaona nami nina yangu, na kama nikiimeza utabaki mzima na mlevi mpaka ufe.

Keti chini ndipo usome. Usisome kazini. Ukimaliza, ni wewe wa kuamua. Ukiona aibu imezidi, ichane, mimi sitakulaumu, tutaendelea kufungua milango na kufua. Ukiweza, mpelekee Allan.

Nakupenda. Nimeliandika hapa kwa sababu kule ndani halionekani vizuri.

Rosebellah

*

Kwa Bodi ya Madaktari.

Mimi Rosebellah Nekesa, mke wa koplo mstaafu Protus Khaemba, naeleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Tuliishi pamoja katika kota za Lanet kabla hajapelekwa Somalia. Alikuwa mtu wa redio, masikio yake yalisikia kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, na alilala hivi kwamba mwizi alibeba jiko lenye moto karibu naye asiamke. Majirani waliokuwepo wanalikumbuka hilo.

Alirudi mwaka wa 2012 masikio yakiwa na pamba. Mwanzoni alilala kwa dawa, na dawa zilipokwisha usingizi ukaisha nazo. Alikuwa akikaa mlangoni kwenye kiti mpaka kuche. Akiinama kufunga kamba za viatu alishika ukuta. Aliacha kwenda harusini na sokoni, kwa sababu sauti za watu wengi zilimtia kichefuchefu. Kanisani alianguka wakati wa sadaka na ikasemwa amelewa. Mume wangu hanywi pombe. Siku hiyo alikuwa amekunywa chai ya rangi niliyompikia mwenyewe.

Usiku mmoja, mwishoni mwa mwaka wa 2013, tukiwa tumeshahamia Chwele, usingizi ulimpata. Niligeuka kumfunika. Alinishika shingo kwa mikono miwili. Macho yalikuwa wazi lakini hakuniona. Alikuwa anaita wenzake kwa sauti ile ya redioni, anawataja mmoja mmoja wajibu, na hakuna aliyejibu. Sikuweza kupumua wala kupiga kelele. Mtoto wetu Hannah alikuja na tochi akalia, na ndipo mikono ikalegea. Mume wangu akalala palepale kama hakuna kitu.

Asubuhi aliniuliza shingo imepatwa na nini. Nikamwambia ni kamba ya kuanikia nguo. Aliamini, kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya. Aliikata kamba yenyewe akaifunga juu zaidi.

Ilitokea tena. Nikaanza kulala jikoni na mtoto, nikamwambia ni kwa ajili ya mbu, moshi unawafukuza. Hakujua, na mpaka anaposoma haya hajui. Sikumwambia kwa sababu nilijua akijua atajidhuru.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa ajenti nikaja Saudia. Nilimwambia mume wangu ni karo. Karo ilikuwa kweli, ila si karo iliyonitoa. Nilitoka kwa sababu nilimwogopa mtu ninayempenda, nikijua hana kosa. Yeye aliposikia naondoka alifikiri ameshindwa kunilisha.

Mtu aliyekwenda Somalia hakuwa hivi. Nimeeleza alivyokuwa na alivyorudi. Mkisema haya hayakuzaliwa na lile bomu, mniambie yalizaliwa wapi.

Rosebellah Nekesa
Jeddah

*

Riyadh
24 Juni 2016

Rosebellah,

Imefika. Nimeisoma. Nimempelekea Allan yote, sikuchana.

Sina la kuandika zaidi leo.

P.

*

Jeddah
19 Agosti 2016

Baba Hannah,

Tangu ile barua yako ya mistari mitatu sijapata kitu. Mwisho wa Julai nilimwendea Hashim, akasema Pius amepita mikono mitupu. Sasa ananiambia Pius kasikia umeacha kazi, bosi amekupa pasipoti yako, umeondoka Riyadh. Nilimpigia Kukhu Ijumaa nikamwuliza umefika. Alisema umefika, uko shambani, hutaki kuja kwenye simu. Nikakumbuka kwamba husikii simu, kisha nikafikiri labda si masikio.

Nimekumbuka siku uliyokuja kunichumbia na kaka yako mkubwa. Ulivaa koti lake na mikono ikafunika vidole, na kila ulipotaka chai ulikuwa unaikunja kwanza. Mama yangu aliniita jikoni akaniuliza, "Huyu ana mikono?" Nilicheka sana. Nilikuwa naijua mapema ile mikono, nilishaiona ikitengeneza redio ya mwalimu mkuu kwa waya mwembamba kuliko unywele. Niliipenda kabla sijakupenda wewe. Mimi bado naipenda, Protus. Nataka ulijue hilo hata kama umekasirika mpaka kufa.

Labda ningekwambia siku ile ile ya kamba. Labda nisingeandika kabisa. Nageuza geuza hayo nikisugua vyungu. Kama umenichukia, niandikie uniambie. Ni hicho tu ninachotaka, kuambiwa.

Mke wako,
Rosebellah

*

Chwele, Bungoma
18 Septemba 2016

Mke wangu Rosebellah,

Naituma hii kwa posta, kwa sanduku la duka la Hashim, na namwombea Mungu ifike. Yako uliyoituma kwa anwani ya Allan ilifika jana kwa mkono wake. Sikukuchukia. Nisamehe kwa kukuacha ungoje. Kila nilipochukua kalamu niliitazama ile mikono inayoandika, nikaiweka kalamu chini.

Nitakueleza yote kwa mpangilio. Siku ya barua yako nilisoma kwanza nusu, nikaenda kutembea mpaka viatu vikanichoma. Nilitaka kuichana. Nilijiambia hawa watu wa Nairobi hawatanisoma hivi, heri nibaki kibandani. Kisha nikafikiria habari ya mbu. Wewe hukuwahi kuogopa mbu. Nilikuwa nakuona unabeba mkeka kwenda jikoni na sikuuliza hata mara moja. Nikasema mtu aliyelala kwenye moshi ili nisijue, nami nikimbie karatasi? Asubuhi nilimtumia Allan.

Bodi iliniita Agosti. Nilipoulizwa habari nilijibu, "Si nzuri, afande," na yule aliyekuwa anaandika akainua kichwa akanitazama kama nimetukana. Kulikuwa na daktari mmoja mama wa makamo. Yeye ndiye aliyesoma ushahidi wako, kwa sauti ya juu kwa ajili ya masikio yangu, kutoka jiko hadi mwisho. Kwenye mwizi wa jiko mmoja alicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

Alipomaliza akaniuliza kama ni kweli nilimshika mke wangu shingo. Nikamwambia, "Mimi sikumbuki, daktari. Lakini mke wangu hajanidanganya tangu tuoane ila kwa jambo hili tu, na uongo wenyewe ameuandika hapo." Alivua miwani. Akaniambia nitoke nje nikapumzike, na nilipokuwa kwenye benchi nililia mbele ya wanajeshi, Rosebellah, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Wamekubali. Kizunguzungu na usingizi na yale ya usiku, vyote wameandika vimezaliwa na lile bomu. Pensheni itapanda kuanzia mwaka mpya. Wamenipangia pia daktari Eldoret, nakwenda kila mwezi, ni mtu wa kuzungumza, na nina vidonge vya kumeza jioni. Sijapona. Daktari anasema huenda usiku mwingine ukarudi hata baada ya miaka, na akasema nisimwahidi mtu yeyote kwamba hautarudi. Kwa hiyo sikuahidi.

Hannah amekuwa mrefu. Nilimwuliza kama anakumbuka ile tochi. Akasema anakumbuka, akauliza kama sasa tunaruhusiwa kulizungumza. Tulilizungumza tukimenya mahindi.

Sikuiti urudi. Mkataba wako unaisha Machi, nawe ndiwe wa kusema kama ni Chwele au ni Jeddah tena, na ukisema Jeddah nitakuandikia huko huko. Lakini ujue nyumba imeshatengenezwa. Nimejenga ukuta katikati ya chumba nikaweka mlango, na fundi amechonga vitanda viwili. Komeo la mlango nimeliweka upande wako.

Mume wako,
Protus